Mkono Unaosoma Mshipa

Basi la kuelekea mashariki ya Kigali hupita Kabuga, kisha barabara huendelea Rwamagana hadi Kayonza. Wilayani Kayonza ipo hospitali ya Rwinkwavu. Kuanzia mwaka 2006, Wizara ya Afya ikishirikiana na shirika la Partners In Health, ambalo Wanyarwanda hulijua kama Inshuti Mu Buzima, iliwafundisha wauguzi wa huko kazi ambayo penginepo mara nyingi huachiwa mabingwa: kuutazama moyo kwa altrasaundi.

Ni kazi ya mkono kabla ya kuwa kazi ya mashine. Mgonjwa hulazwa ubavu wa kushoto, mkono wake wa kushoto ukiwa chini ya kichwa, ili mbavu ziachane na moyo usogelee ukuta wa kifua. Mawimbi ya sauti hayapenyi vizuri mfupa wala hewa ya mapafu, kwa hiyo muuguzi hupaka jeli na kutafuta upenyo kati ya mbavu mbili. Mwanagenzi hukandamiza. Mzoefu humwambia mgonjwa atoe pumzi na kuishikilia kidogo, mapafu yakapisha, naye akazungusha kifaa kwa kiasi ambacho mtu wa pembeni hakioni. Chemba ya kushoto ikajitokeza nzima.

Ninachokiheshimu zaidi ni jinsi walivyochagua maswali. Hawakutakiwa kujua yote anayoyajua bingwa. Je, chemba ya kushoto inasukuma damu ipasavyo? Je, vali ya mitrali imebana? Vali iliyoharibiwa na homa ya rumatizimu, ile inayofuata maambukizi ya koo utotoni, hukunjika kama goti inapofunguka, na aliyeiona mara nyingi huitambua upesi. Katika miaka ya mwanzo, karibu robo ya wagonjwa wenye moyo kushindwa kufanya kazi walikuwa na tatizo hilo, na dawa zao si sawa na za mwenye misuli ya moyo iliyolegea.

Ustadi wa aina hiyohiyo, ukihamishiwa shingoni, ndio uliotufunulia uhusiano wa moshi wa sigara za wazazi na mishipa ya watoto wao. Mwaka 2014 mtafiti Seana Gall wa Tasmania na wenzake walichapisha vipimo vya watu wazima wa Finland na Australia ambao utotoni, katika miaka ya 1980, wazazi wao waliulizwa kama wanavuta sigara. Mpimaji hutafuta mshipa mkubwa wa shingo, sentimita moja hivi kabla haujagawanyika. Ukuta wake wa ndani huonekana kama mistari miwili ing'aayo, katikati giza, naye hupima toka mstari hadi mstari wakati moyo umelegea. Kifaa kikipinda kidogo tu, ukuta huonekana mnene kuliko ulivyo, na kipimo ni cha kutupwa.

Waliolelewa na wazazi wawili wavutaji walikuwa na ukuta wa unene wa wastani wa milimita 0.647, ambao wazazi wao hawakuvuta, 0.632. Tofauti ni milimita 0.015! Mkono mmoja mzembe ungeimeza tofauti hiyo yote. Lakini iliposimama, ilikuwa sawa na mishipa iliyozeeka kwa miaka 3.3 zaidi.

Wafini walikuwa na subira nyingine tena. Damu ya watoto iliyochukuliwa mwaka 1980 waliihifadhi ikiwa imegandishwa, wakaipima kotinini, alama ya nikotini mwilini, mwaka 2014. Matokeo yalitoka mwaka uliofuata. Watoto wa wavutaji ambao damu yao haikuwa na kotinini, dalili kwamba wazazi walijitahidi kuwaepusha na moshi, walikuwa na hatari ya kuota utando wa mafuta kwenye mshipa huo ukubwani mara 1.6 ya watoto wa wasiovuta. Ambao damu yao ilikuwa nayo, mara 4.

Sheria ya tumbaku ya Rwanda ya mwaka 2013 inakataza kuvuta katika maeneo ya umma. Sebule ya nyumba ya Kabuga si eneo la umma. Humo anayeamua ni baba au mama. Mzazi ambaye bado hajaweza kuacha anastahili kuambiwa namba hizo mbili za Wafini kama zilivyo, ikiwemo ile 1.6, maana hata anayetoka nje kuvuta huenda hajamkinga mwanawe kabisa.