KULAINISHA AU KUSITIRI?
Uhakiki wa Istilahi za Kingo katika Uhariri wa Picha

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa mlio wake peke yake. Hupimwa pia kwa kazi inayofanyika pale mtu anapoambiwa aitumie. Makala haya yanakusudia kuhakiki sehemu ndogo ya rasimu moja ya istilahi za uhariri wa picha kwa kompyuta, iliyofika mezani petu ili isanifiwe. Rasimu yenyewe ni ya bidii, na sehemu yake kubwa haina kasoro. Lakini kwa dhana moja, yaani ile ya kuzifanya kingo za herufi na mistari zionekane nyororo na safi, imetoa maneno manne: kunyoosha, kusawazisha, kulainisha na kinzalakabu. Kwa maoni yetu hakuna hata moja linalofaa, na sababu zetu ni hizi zifuatazo.

Kwanza yafaa dhana yenyewe ieleweke. Picha ya kompyuta tunayoizungumzia imegawanyika katika vijimraba viitwavyo pikseli, vilivyopangwa safu kwa safu, na kila kimoja hubeba rangi moja tu. Mstari uliolala au uliosimama wima hauna taabu, kwa kuwa hufuata safu hizo. Taabu huanza mstari unapokwenda mshazari, au herufi inapojipinda kama S au O. Hapo ukingo hauna budi kupanda kwa vidato, mithili ya meno ya msumeno. Msukaji wa mikeka anaijua taabu hii tangu zamani: pambo lake la rangi likienda mshazari hupanda kwa vidato, maana haliwezi kuishia katikati ya ukindu mmoja.

Dawa inayotumiwa na kompyuta haivibadili vijimraba hivyo. Kompyuta hupima ni sehemu gani ya kila pikseli ya mpakani imefunikwa na herufi, kisha huipa pikseli hiyo rangi ya kati kwa kadiri ya kipimo hicho. Katika picha ya kijivu yenye daraja 256, ambapo nyeusi ni 0 na nyeupe ni 255, pikseli iliyofunikwa robo tu na herufi nyeusi juu ya uwanja mweupe hupewa takriban 191, na iliyofunikwa nusu hupewa takriban 128. Jicho halivitambui vijimraba hivyo kimoja kimoja. Huona ukingo uliotulia. Meno yako palepale, ila yamefunikwa.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Kinzalakabu ni tafsiri ya kipande kwa kipande. Wahandisi wa mawimbi walilipa tukio hili jina lenye maana ya jina la pili, kwa sababu wimbi likipimwa mara chache mno hujitokeza kwa sura ya wimbi jingine, kama mtu apitaye kwa jina lisilo lake. Ndiyo sababu gurudumu la gari katika sinema huweza kuonekana linarudi nyuma ilhali gari linakwenda mbele. Mwaka 1977 Franklin Crow wa Marekani alichapisha makala yaliyoieleza kasoro hiyohiyo katika picha zinazochorwa na kompyuta. Sitiari hiyo ina maana kwa wahandisi wanaojua ilikotoka. Kwa msomaji wa Kiswahili, lakabu ni jina la kupanga, kama lile analojiita mshairi. Akiambiwa azuie lakabu katika herufi zake, atauliza ni nani aliyezipa herufi hizo lakabu.

Kunyoosha ni neno lenye wenyewe. Programu za kuhariri picha zina amri ya kunyoosha picha iliyopigwa kombo. Zaidi ya hayo, kunyoosha herufi S ni kuifuta, kwa sababu kupinda ndiko kunakoifanya iwe S. Kusawazisha nalo limekwisha kushika kazi ya kuweka rangi katika uwiano. Neno moja halifai kupewa kazi mbili ndani ya chumba kimoja.

Kulainisha ndilo neno linalovutia kuliko yote, na kwa hiyo ndilo la hatari zaidi. Fundi seremala hulainisha ubao kwa msasa, na meno yakaondoka. Katika uhariri wa picha, hata hivyo, kuna amri nyingine zinazolidai neno hilo, hasa ile ya kutia ukungu, ambayo hutawanya rangi ya kila pikseli kwa jirani zake, ndani na nje ya herufi. Kazi tunayoizungumza hugusa pikseli za mpakani tu.

Tofauti hiyo si ya vitabuni. Katika karakana moja ya upigaji chapa, mwanafunzi aliagizwa alainishe maandishi ya mchoro wa moyo uliokuwa ukitayarishwa kwa ajili ya kitabu cha darasani. Alitafuta amri ya jina hilo, akaiona, akaitumia. Kumbe ilikuwa ya kutia ukungu. Kwenye kioo, picha ikiwa imekuzwa, majina ya mishipa yalisomeka. Karatasini yakawa madoa. Kazi ya siku mbili ikarudiwa, na kijana akalaumiwa kwa uzembe. Sisi twasema hakuwa mzembe. Alilitii neno, na neno ndilo lililompoteza. Kama kosa hilo lisingegunduliwa mapema, wanafunzi wangepewa mchoro usiosomeka, nao wangedhani kuwa ugumu uko katika somo.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba kasoro iitwe meno ya ukingo, dawa yake iwe kusitiri meno, na jina la dhana liwe usitiri wa meno. Maneno haya yamo tayari katika lugha, yanaeleweka bara na pwani, na yananyambulika bila shida: herufi iliyositiriwa, mstari usiositirika, amri ya kusitiria.

Huenda mtu akasema kuwa kusitiri ni neno la adabu na mavazi, na kwamba kung'oa meno kungekuwa wazi zaidi. Twajibu kwamba kung'oa ni uongo, na uongo huo una gharama. Picha iliyositiriwa ikikuzwa, vijimraba vya kijivu hujitokeza, kwani meno hayakuwa yameondoka. Ndiyo maana fundi mwangalifu huyaacha maandishi katika umbo la vekta, ambalo huhifadhi hesabu za mistari badala ya vijimraba, hadi ukubwa wa mwisho ujulikane. Vilevile nembo iliyositiriwa juu ya uwanja mweupe, ikikatwa na kuwekwa juu ya kijani, huzungukwa na utepe mweupe. Utepe huo ni weupe wa awali uliochanganywa katika pikseli za mpakani. Dawa ni kuihifadhi nembo katika faili liwezalo kubeba daraja za uwazi, kama PNG ya mwaka 1996, si GIF, ambayo pikseli yake ama huonekana yote ama haionekani kabisa. Aliyefundishwa kuwa meno yameng'olewa hatajua utepe ule umetoka wapi. Aliyefundishwa kuwa yamesitiriwa atakumbuka kwamba stara ilikatwa kwa kipimo cha uwanja mwingine.

Neno hili pia laonyesha pale ambapo kazi yenyewe haihitajiki. Mchoro wa mistari utakaopigwa chapa kwa nukta 1200 kwa inchi una meno madogo mno kuonekana kwa macho, na kisichoonekana hakihitaji stara.

Limebaki jambo moja. Photoshop, programu ya Adobe iliyotolewa mwaka 1990, huwapa watumiaji namna kadhaa za kusitiri maandishi, na rasimu imeziita mbili kati yake kwa neno moja, kali. Twapendekeza namna nne kuu ziitwe kali, bayana, nene na nyororo, na ile isiyositiri kabisa iitwe bila stara. Nene si kosa la chapa: namna hiyo huzifanya herufi zionekane nzito zaidi.

Hatudai kwamba mapendekezo haya ndiyo mwisho wa maneno. Twaomba mafundi wa karakana na walimu wa uchoraji wayajaribu kazini kabla hayajasanifiwa, watuandikie ni wapi yamewapoteza. Rasimu yaweza kungoja miezi mitatu zaidi. Kitabu kikishapigwa chapa hakirudi.