Neno la Mwenzio Kinywani Mwako: Juu ya Aya ya Uchambuzi na Matumizi ya Nukuu

Ebrahim Hussein alizaliwa Lindi mwaka 1943, na tamthiliya yake Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969. Tangu hapo imesomwa katika shule nyingi za sekondari, na wengi wanaojiunga na vyuo vyetu vya theolojia wameisoma kabla ya kufungua kitabu chochote cha elimu ya dini. Kwa sisi tulio katika pwani hii ya kusini, kuanzia Lindi hadi Mikindani, Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, jambo linalosimuliwa humo si habari ya mbali. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwaka 1905, na mwaka huo huo vilifika Masasi, ambako kituo cha misheni ya UMCA kilichomwa moto na wamisionari wakakimbilia pwani.

Tungetazamia, basi, kwamba kitabu kilicho karibu nasi kiasi hiki kiandikiwe uchambuzi wenye uhai. Lakini insha nyingi zinazoandikwa juu yake, na juu ya vitabu vingine vya fasihi, zina udhaifu mmoja. Mwandishi hunukuu maneno mengi, lakini nukuu zake zimeanikwa kama nguo kwenye kamba: kila moja iko peke yake, na hakuna ajuaye ni ya nani wala kwa nini imewekwa pale. Katika makala haya tunakusudia kuutazama udhaifu huo, kuonyesha mfano wa aya iliyo imara, na kueleza kwa nini jambo hili linawahusu hasa wale wanaojiandaa kuhubiri.

Aya ya uchambuzi ni kama baraza la wazee lililokaa kuamua shauri. Kwanza lazima pawepo dai, yaani jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angeweza kulikataa. Kusema kwamba Kinjeketile ni tamthiliya inayohusu vita si dai, kwa sababu hakuna atakayebisha. Pili huitwa shahidi, naye ndiye nukuu. Shahidi hatupwi barazani bila kutajwa jina. Huelezwa ni nani, alikuwa wapi, na alisema maneno yake kwa nani. Tatu, shahidi huhojiwa: neno gani hasa katika maneno yake lina uzito, na kwa nini alilichagua hilo badala ya jingine. Mwisho, baraza hurudi kwenye dai na kusema limethibitika kwa kiasi gani. Aya ikikosa hatua ya kwanza, nukuu haina kazi. Ikikosa ya pili, nukuu ni yatima. Ikikosa ya tatu, nukuu ni bubu. Kwa maoni yetu, kosa la tatu ndilo limeenea kupita yote, maana wengi hudhani kwamba nukuu ikishaandikwa imejieleza yenyewe.

Tutoe mfano. Tunachagua methali badala ya kitabu, kwa kuwa methali kila msomaji anayo kichwani na anaweza kutupima papo hapo. Mwanafunzi ameambiwa achambue methali moja, naye anaandika hivi:

“Methali hii inahusu maji. Methali inasema, ‘Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.’ Hii inaonyesha kuwa maji ni muhimu katika jamii. Pia methali hii ina mafunzo mengi. Kwa hiyo jamii inapaswa kuyazingatia mafunzo hayo.”

Hakuna sentensi hapa iliyo na kosa la sarufi, na nukuu ni sahihi. Hata hivyo ukiifuta nukuu hiyo na kuweka methali nyingine yoyote ya maji, aya haibadiliki. Huo ndio ushahidi kwamba mwandishi hakuisoma methali, aliitaja tu. Sasa tuitazame aya nyingine juu ya methali hiyo hiyo:

“Methali hii haimsifu mtu jasiri, inambana mtu aliyekwisha kuanza. Haisemi kwamba kila mtu aingie majini, bali inaanza na sharti, ‘ukiyavulia nguo’, na sharti hilo linamhusu yule tu aliyefanya jambo kwa hiari yake. Kuvua nguo ni tendo dogo, lakini likiachwa njiani huwa aibu: aliyevua na asiyeoga amebaki uchi bila sababu. Ndiyo maana methali haishauri, bali inalazimisha kwa maneno ‘huna budi’. Nguvu yake, basi, haitoki kwenye maji, ambayo hayamlazimishi mtu, bali kwenye nguo iliyoachwa ufukweni.”

Msomaji aone mambo matatu. Kwanza, aya inaanza na dai linaloweza kubishiwa. Pili, methali haikuwekwa nzima kama gogo katikati ya aya. Imechukuliwa vipande viwili vifupi, na kila kipande kimeingia katika sentensi ya mwandishi bila kuivunja sarufi yake. Fundi wa vyombo huuchonga ubao mpaka ukae mahali pake, kisha huukalafati kwa pamba ili maji yasipite kwenye kiungo. Nukuu nayo yahitaji kuchongewa mahali pake, na sentensi inayoizunguka ndiyo pamba yake. Tatu, baada ya nukuu huja maelezo yanayotokana na maneno yale yale, wala si mafunzo ya jumla yaliyokuwa tayari kabla ya kusoma.

Tukirudi kwenye Kinjeketile, tunakutana na ugumu ambao methali haina. Katika tamthiliya mwandishi hasemi kwa kinywa chake, husema wahusika. Kwa hiyo kuandika “Hussein anasema”, kisha kunukuu maneno ya Kitunda au ya afisa wa Kijerumani, ni kumpa mtu ushahidi ambao hakuutoa. Tuchukue mwisho wa mchezo. Kinjeketile yuko kifungoni, ameteswa, na anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa anaona kwamba neno hilo likitoka kinywani mwake, watawala watalitumia kuwaambia watoto wa kesho kwamba kupigana kulikuwa kosa. Wasomaji wengi huyachukua maneno yake hapo na kuandika kwamba mwandishi anafundisha kuwa uongo ni halali ukilisaidia taifa.

Dai hilo linaweza kutolewa, lakini haliwezi kusimama kwa nukuu hiyo peke yake. Kabla ya hapo, Kinjeketile yuleyule ameingiwa na mashaka juu ya ujumbe aliouleta, ambao ndani yake mna habari ya watu wake kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Ameeleza kwa hofu jinsi binadamu azaavyo neno, nalo neno likakua hata likamtawala aliyelizaa. Maneno haya mawili hayana budi kusomwa pamoja. Anayenukuu la mwisho na kuliacha la kwanza amempata shujaa asiye na shaka. Anayenukuu la kwanza na kuliacha la mwisho amempata mganga aliyejutia kazi yake. Tunaloliona sisi ni kwamba tamthiliya haikuandikwa ili kuamua kama maji yalikuwa kweli au uongo. Inauliza nani atawajibika kwa neno ambalo limekwisha kutoka na kushikwa na watu. Kinjeketile anapokataa kukana, hasemi kwamba alisema kweli. Anasema kwamba neno si lake tena peke yake, na kwa hiyo hana haki ya kuliua kwa ajili ya kuiokoa nafsi yake. Msomaji anaweza kutupinga, lakini itambidi atupinge kwa sehemu zote mbili.

Kuna mtego mwingine ambao wasomaji wa pwani hii huuangukia kwa urahisi. Kwa kuwa vita vilipita nyumbani kwetu, twaleta kumbukumbu zetu kuwa ushahidi dhidi ya kitabu. Mkristo ambaye wazee wake walikumbuka kuchomwa kwa Masasi hukihukumu kitabu kwa tukio hilo. Mwingine, ambaye babu yake alikuwa upande wa wapiganaji, hukitetea kwa sababu hiyo hiyo. Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia kwa kila jambo. Aidha, hakuwa wa kwanza katika pwani hii kuliandikia jambo hilo: Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi juu ya vita vya Maji Maji, na utenzi huo ulitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Utenzi ule na tamthiliya hii ni mashahidi wawili wa nyakati mbili na makusudi mawili. Kunukuu ubeti wa mmoja ili kuthibitisha maana ya mwingine, bila kueleza tofauti hiyo, ni kumwita shahidi wa shauri lingine.

Hapa ndipo fasihi inapogusana na madhabahu. Mathayo 4:6 chatuonyesha Mjaribu akinukuu Zaburi 91:11-12. Hakunukuu kitabu cha uongo. Aliacha tu maneno yanayoifunga ahadi ya ulinzi kwenye njia za mwamini, na kwa kuyaacha aliigeuza ahadi ya safari kuwa ruhusa ya kujirusha. Lakini Luka 4 pia yatuonyesha Bwana Yesu, katika sinagogi la Nazareti, akisoma Isaya 61 na kukoma katikati ya mstari wa pili, kabla ya habari ya siku ya kisasi. Wote wawili wamekata. Je, tofauti iko wapi?

Twaona vipimo viwili. Cha kwanza: yarudishe maneno yaliyoachwa, uone kama dai bado limesimama. Ukiyarudisha yale ya Zaburi, hoja ya Mjaribu inaporomoka. Ukiyarudisha yale ya Isaya, tangazo la mwaka wa neema haliporomoki. Tunaona tu kwamba limetangulizwa. Cha pili: aliyenukuu amefanya nini baada ya kunukuu? Mjaribu alitaka tendo lifanyike mara, pasipo maelezo. Bwana alikifunga kitabu, akamrudishia mtumishi, akaketi, ndipo akasema neno lake mwenyewe juu ya andiko lile, mbele ya watu waliolijua na walioweza kumwuliza. Alisoma, akafunga, akaeleza. Sijui kama kuna mpangilio wa aya ulio bora kuliko huo.

Martin Luther naye yafaa akumbukwe. Katika tafsiri yake ya Warumi 3:28 aliongeza neno lenye maana ya “peke yake”, ambalo halimo katika Kiyunani. Waliompinga walimlaumu, na mwaka 1530 alitoa waraka wa wazi kuhusu kazi ya kutafsiri, akaeleza sababu zake za lugha na za mafundisho. Hata asiyekubaliana naye hawezi kusema kwamba alificha. Hiyo ndiyo kanuni kwa mwandishi wa insha: ukifupisha nukuu, onyesha kwa nukta, ukiongeza neno ili maana ieleweke, lizungushie mabano, ukieleza kwa maneno yako, usiweke alama za kunukuu.

Wapo watakaosema kwamba kanuni hizi ni za darasani tu na kwamba utamaduni wetu wa masimulizi haukuzijua. Hatukubaliani nao. Mzee anayetanguliza “wahenga walisema” ameshamtaja shahidi wake kabla ya kutoa maneno. Na majirani zetu Waislamu, ambao elimu yao imekaa katika pwani hii kwa karne nyingi, hawaipokei hadithi ya Mtume pasipo kuuliza imepokewa kutoka kwa nani, naye aliipokea kwa nani. Heshima kwa neno la mwingine si mgeni Mtwara wala Mikindani. Kilichopungua ni kuihamisha kutoka masikioni hadi kwenye karatasi.

Kwa hiyo twapendekeza kwa wanafunzi wetu, na kwa walimu wanaosahihisha kazi zao, jaribio moja jepesi. Chukua aya uliyoandika, ufunike nukuu kwa mkono, usome yaliyobaki. Kama aya inasimama kana kwamba hakuna kilichopungua, basi nukuu ilikuwa pambo. Kisha ufunike maneno yako, usome nukuu peke yake. Kama nayo inasema yote uliyosema wewe, basi hukuchambua, umerudia. Aya njema hulemaa kwa namna zote mbili.

Mwanafunzi anayemnukuu Kitunda vibaya atapoteza alama chache, na Kitunda hatadhurika. Lakini mkono uleule, baada ya miaka michache, utafungua Biblia Jumapili mbele ya watu ambao wengi wao hawatakuwa na nafasi ya kuhakiki mstari ulikatwa wapi. Watalichukua neno kama walivyopewa na kwenda nalo nyumbani, nalo litakua huko bila ya aliyelitoa.