Mwongozo Usiojua Kutu

Mwaka 1965, akitumikia jeshi la anga la Uingereza huko Aden, John Haynes alimsaidia mwenzake kufufua gari dogo aina ya Austin-Healey Sprite. Kitabu cha kiwanda hakikumfaa mwenye gari wa kawaida, basi Haynes akatafuta kamera, akapiga picha hatua za kuifumua injini na kuiunga tena. Mwaka 1966 ukatoka mwongozo wa kwanza wa Haynes, wa gari hilo hilo. Chapa ya nakala 3,000 iliisha kabla ya miezi mitatu.

Miongozo ya namna hii inastahili kusomwa kama utungo, kwa maana umbo lake lina msimamo. Vitenzi vyote ni amri. Hatua zina namba, na namba huzipa uzito sawa: kuchomoa waya wa betri ni hatua, kufungua nati za ekzosi ni hatua. Lakini nati ya ekzosi iliyopikwa na moto kwa miongo kadhaa haifunguki kwa kuamriwa. Fundi huimwagia mafuta ya kulainisha kutu, akaiacha ilale. Asubuhi huivisha soketi ya pembe sita, inayoshika ubapa wa nati badala ya kula kona zake. Ikigoma, huipasha moto ili itanuke kuliko bolti iliyo ndani. Ikishaanza kucheza, haivuti moja kwa moja. Huisogeza kidogo, akairudisha, akaisogeza tena, hesi zijisafishe kutu. Bolti ikikatika, huchomelea nati nyingine juu ya kisiki chake, na mara nyingi joto la kuchomelea ndilo linaloivunja kutu. Kazi yote hiyo imejificha kati ya namba moja na inayofuata. Muda nao haumo. Umbo la amri halina pa kuiweka shaka, na gari kuukuu ni shaka tupu.

Udhaifu huo unazidi pale kazi ya kurudishia inapofupishwa kwa kumwambia msomaji afuate hatua zile zile kinyumenyume, kana kwamba chuma ni filamu ya kurudishwa nyuma. Gasketi iliyokwisha kubanwa hairudi unene wake. Kinachoniokolea vitabu hivi ni picha: mkono wenye grisi, spana imeshikwa kwa pembe ngumu. Picha inakiri ugumu ambao sentensi imeuficha.

Kwenye rangi, maandishi yanafupika kupita kiasi. WT3: herufi mbili, tarakimu moja, na Sprite imekuwa nyeupe inayoelekea krimu. Msimbo huo unataja rangi iliyokusudiwa na kiwanda. Hausemi lolote kuhusu jua lililoichoma bodi. Mpiga rangi makini hutafuta mahali pasipofikiwa na jua, nyuma ya dashibodi au chini ya zulia, akapasugua kwa polishi mpaka rangi ya awali ijitokeze. Hapo ndipo anaposomea rangi. Hata hivyo, rangi mbili zinaweza kulingana chini ya taa ya gereji na kuachana juani, kwa kuwa zimechanganywa kwa viini tofauti. Kwa hiyo hupuliza kwanza kwenye kadi.

Ukurasa wa rangi nao ulistahili picha: kadi hiyo imeshikwa kando ya mlango, mara moja ndani ya gereji, mara moja nje adhuhuri.