Wapiga Sakafu

Bandarini Mtangawanda, jahazi zikishusha saruji na vigae, mwenye kujenga huchagua sakafu kwa kupima mfuko wake. Sakafu ya chokaa haina haraka. Mawe ya matumbawe huchomwa juu ya rundo la kuni, chokaa ikazimwa kwa maji na kuachwa ikomae. Ghorofani hutandazwa pamoja na kokoto juu ya mawe yaliyobebwa na boriti za mikoko, kisha watu huchuchumaa kwa safu wakiigonga kwa magongo, siku baada ya siku, mpaka ishikane. Wakiiharakisha, itapasuka. Chokaa huchoma vidole, moshi huumiza macho, na ujira, nionavyo, haulingani na kazi. Pembeni ndiko kugumu, gongo halina nafasi. Sakafu ikiisha, wenye nyumba hutandika mikeka, wakalala.