Msongamano wa Lushoto: Uhakiki wa Hoja ya "Watu Wamezidi"

Kila inapozungumzwa habari ya makazi katika milima ya Usambara, hoja moja hutangulia nyingine zote: kwamba watu wamezidi. Husemwa kwamba Msambaa amezaa mno, amegawa shamba lake vipande vipande, sasa anajenga ovyo kwenye miteremko. Kwa hiyo dawa ni kumhamisha, au kumwekea masharti makali ya ujenzi. Tunataka kuihakiki hoja hii, kwa sababu fikra isiyopimwa huzaa sera, na sera mbaya humwumiza mnyonge kwanza.

Hatukatai kwamba watu ni wengi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika Wilaya ya Lushoto, pamoja na Bumbuli. Ardhi tambarare ni mabonde membamba, na misitu kama ule wa Magamba imehifadhiwa kwa haki kabisa, maana bila msitu hakuna maji. Lakini idadi peke yake haielezi kitu. Swali la mwanamapinduzi ni hili: ardhi ndogo iliyopo inagawanywa vipi, na kwa manufaa ya nani?

Tuanze na historia. Kabla ya ukoloni Wasambaa hawakutawanyika kila mmoja na kilima chake. Walikaa katika vijiji vilivyobanana, katikati ya migomba, na mara nyingi karibu na ukingo wa milima, ili mkulima aweze kulima juu mlimani na chini nyikani pia. Vuga, makao ya watawala wa Kilindi, ulikuwa mji wa watu wengi kabla Mjerumani hajafika. Na Mlalo mgeni hustaajabia nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao. Hao ni watu waliokwisha kuelewa kwamba mlimani ardhi ya kulima ni mali kuliko ua. Wasambaa wana msemo wa kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu nchi. Katika fikra hiyo, nchi huponywa au kuharibiwa na namna inavyotawaliwa. Hapo wazee walikuwa mbele ya baadhi ya wataalamu wetu.

Mjerumani alikuja na mpango mwingine. Aliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wake, akaufanya makao ya utawala na mahali pa Wazungu kukimbilia joto la pwani. Mji wa namna hiyo haukujengwa kwa ajili ya kuwapa watu makazi. Ulijengwa ili wachache wakae kwa nafasi, na bustani na mandhari, huku wengi wakikaa mbali na kuja kufanya kazi. Mwingereza aliurithi mji, akabadilisha jina, lakini hakubadilisha msingi. Katika miji ya Tanganyika nzima msingi huo ulijulikana: Uzunguni viwanja vipana, Uhindini vya kati, Uswahilini vidogo.

Hoja ya "watu wamezidi" nayo ni urithi huo huo. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mradi wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, na kuanzia mwaka 1950 wakaupanua Usambara. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwa amri na kwa faini. Mkoloni alimtazama mkulima kama adui wa udongo. Hakuuliza kwa nini mwenye kipande kidogo hana nafasi ya kukipumzisha. Mzigo ulimwangukia mwenye ardhi kidogo, na zaidi mwanamke. Wananchi waligoma, wengi wao wakaipata TANU kwa njia hiyo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mradi ukaachwa. Fundisho ni wazi: dawa inayomlaumu mnyonge kwa unyonge wake haiponyi nchi.

Baada ya Uhuru hatua kubwa zilichukuliwa. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele ulifutwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi 100,000. Lakini kipimo cha kiwanja hakikufanyiwa mapinduzi. Kanuni za mwaka 1997 ziligawa viwanja vya makazi katika ngazi tatu: ujazo wa juu mita za mraba 400 hadi 800, wa kati hadi 1,600, na wa chini hadi 4,000. Kanuni zilirekebishwa baadaye, lakini ngazi tatu zilibaki. Uzunguni umepewa jina la kitaalamu.

Tufanye hesabu. Chukua hekta moja inayojengeka, tuache barabara kwanza. Kwa viwanja vya mita 4,000 haitoshi familia tatu. Kwa viwanja vya mita 400 inatosha familia 25. Ikijengwa nyumba za ghorofa zilizoungana, kila familia ikitumia mita 150 za ardhi, inatosha familia zaidi ya 60. Katika nchi ya tambarare kosa hili la vipimo hulipwa kwa kuusogeza mji mbele. Lushoto hakuna mbele. Kuna mteremko, bonde la mboga na msitu. Kila ua mpana unaopimwa mjini humsukuma mtu mwingine kwenye mteremko, kisha huyo huyo hulaumiwa kwa kuharibu mazingira.

Na ardhi sasa ina bei. Sheria za mwaka 1999 zilitambua kwamba ardhi ina thamani. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilikwisha kulegeza masharti ya viongozi, na Benki ya Nyumba ilianguka mwaka 1995. Hivyo kijana wa Soni au Lukozi anayelima kabichi hushindania kiwanja na mwenye fedha za mjini anayetaka nyumba ya mapumziko, na hana benki ya kumkopesha. Mwanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama naye huhitaji chumba. Pasipo nyumba za kutosha, mwenye vyumba ndiye apangaye bei.

Wako watakaosema kwamba kubananisha nyumba ni kuleta uchafu na magonjwa. Tutofautishe msongamano na mrundikano. Mrundikano ni watu wengi pasipo maji, mifereji, njia wala choo safi. Msongamano uliopangwa hurahisisha huduma hizo, maana bomba moja fupi huhudumia nyumba nyingi. Kinacholeta kipindupindu ni kukosa mipango.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Kwanza, vipimo vya viwanja katika miji ya mlimani vipunguzwe, na nyumba za ghorofa zilizoungana ziruhusiwe na kuhimizwa mahali penye ardhi imara. Pili, viwanja vipana vilivyokaa bure mjini vitozwe kodi ya ardhi kwa ukamilifu, au virudi kwa umma kwa mujibu wa sheria. Tatu, mabonde ya mboga yalindwe, na masharti ya mita 60 kutoka mtoni, yaliyowekwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, yatekelezwe kwa tajiri kama kwa maskini. Nne, vyama vya ushirika vya nyumba vifufuliwe, ili wakulima na wafanyakazi wajenge pamoja.

Kada atakayekwenda Lushoto asianze kwa kuhesabu watoto wa Msambaa. Aanze kwa kupima viwanja, na kuuliza kila kimoja ni cha nani.