Mtoto Asiye Ishara: Ulezi na Ulemavu katika Riwaya ya Kiswahili

Jina la riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji (1974), kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni fikra zilizovurugika za msomi Kazimoto. Lakini kabla ya kuwa sitiari, kichwa maji ni maradhi: maji ya ubongo hukosa njia, hujikusanya, na kichwa cha mtoto hukua kupita kiasi. Hospitalini kichwa hicho hupimwa kwa utepe, na sentimita zake huandikwa katika chati. Riwayani utepe haupo. Mtoto wa Kazimoto na Sabina anakuja na kichwa chake kikubwa, hapati muda wa kuishi, na baba anajiua. Mwili wa mtoto umegeuzwa hukumu juu ya mwenendo wa mzazi.

Nguvu ya riwaya hiyo imo katika ukali wake, wala hatumdai mwandishi faraja. Hata hivyo, ishara hii ina gharama, na anayeilipa ni mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo mapajani, ambaye tayari ameulizwa na majirani amekosa nini.

Ken Walibora, katika Kidagaa Kimemwozea (2012), alisogea mbele kidogo. Watoto wa Majisifu wenye ulemavu wanaishi. Wanataka kulishwa na kuogeshwa, na uchovu wa mama yao, Dora, umeandikwa bila kupambwa. Lakini riwaya inawahitaji hasa ili kumfichua baba, mlevi na mwizi wa mswada. Tunajua wanavyomwaibisha, hatujui wanachokipenda.

Tuvuke mpaka. Kenzaburo Oe wa Japani alichapisha riwaya ijulikanayo kwa Kiingereza kama A Personal Matter mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya mwanawe Hikari kuzaliwa na kasoro ya fuvu. Mhusika wake, Bird, anatamani kichanga chake kife, kisha anamrudisha hospitali apasuliwe. Wapo waliouona mwisho huo kuwa mwepesi mno. Kwa maoni yangu, udhaifu wake ni kwamba unakomea pale kazi inapoanza. Upasuaji ni siku moja; ulezi ni Jumanne zote zinazofuata. Oe mwenyewe alilijua hilo, kwani aliendelea kuandika juu ya baba na mwana kwa miongo kadhaa, na Hikari akakua akawa mtunzi wa muziki.

Jumanne hizo ndizo zinazokosekana kwetu. Mtoto aliyewekewa mrija wa kupeleka maji tumboni hulindwa kila siku: akitapika, akisinzia isivyo kawaida, mzazi hujiuliza kama mrija umeziba. Huko Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf aliendeleza upasuaji unaowawezesha watoto wengi kuishi bila mrija, kwa sababu mrija ulioziba kijijini, mbali na hospitali, ni kifo. Umbali, nauli, foleni, hesabu ya usiku: hiyo ni riwaya tosha, nayo haijahitaji dhambi ya mtu yeyote.

Kwa sisi tulio Uingereza umbali ni wa lugha. Mama huketi kliniki na kuelezwa kwa Kiingereza kuhusu mazoezi ya shingo, kumeza, na matamshi. Jioni humpigia bibi Tanga, na neno analolikuta mdomoni ni lile lile, kichwa maji, ambalo mtaani ni tusi la mjinga. Ama alitumie na kumtukana mwanawe, ama anyamaze na bibi abaki na dhana zake. Lugha iliyomzaa Kezilahabi haiwezi kumwacha mama huyo kati ya tusi na ukimya.

Tunachohitaji si riwaya za kutia moyo, zenye mtoto anayeamka na kutembea katika ukurasa wa mwisho. Tunahitaji ile ambamo mtoto anarudi kliniki mara ya pili, na ya tisa, anamchukia tabibu wa viungo, anacheka utepe ukimtekenya sikio, na kichwa chake, kikubwa au kidogo, hakimaanishi chochote ila kwamba ni chake.