Skwea Haina Huruma

Kijana anayeingia karakana ya useremala katika shule ya ufundi ya kimisheni hakabidhiwi kiti akitengeneze. Anakabidhiwa ubao uliopinda na randa. Kazi yake ni kuunyoosha: uso mmoja kwanza, mpaka uwe bapa, kisha ubavu mmoja. Kila baada ya muda anaegesha skwea na kuinua ubao kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya kati ya chuma na mti, arudi kwenye meza. Skwea haijui kwamba huyu alikuwa analala stendi, wala kwamba ada yake inalipwa na wafadhili. Pembe imekaa sawa au haijakaa.

Maskini amezoea kupewa. Anapewa nguo zilizokwisha kuvaliwa, anapewa sifa kwa kuwa "angalau amejitahidi", na kazi yake mbovu inapokelewa kwa sababu ni yake. Mwalimu anayemrudishia ubao kwa kosa la milimita mbili anampa kitu ambacho wengi hawajawahi kumpa: anamwamini kwamba anaweza kufanya kazi isiyo na kasoro. Mimi nauita upendo, na sioni upendo mkubwa zaidi ya huo ndani ya karakana.

Padre Yohane Bosco, anayejulikana kama Don Bosco, aliielewa siri hiyo mapema. Turin, mji wa Italia, katika miaka ya 1840 ilijaa vijana waliotoka mashambani kutafuta vibarua, na wengi waliishia gerezani. Hakuanza na mashine. Alianza kwa kuwatafutia mafundi wa kuwafundisha, na kuwabana mafundi hao kwa maandishi. Katika mkataba wa Februari 1852, fundi seremala Giuseppe Bertolino anaahidi kumfundisha kijana Giuseppe Odasso useremala kwa miaka miwili. Anaahidi kumrekebisha kwa maneno tu, bila kipigo, kumpa kazi zinazohusu ufundi wake peke yake, na kumwachia Jumapili na sikukuu. Mwaka uliofuata Don Bosco alifungua karakana zake mwenyewe pale Valdocco, mtaa wa Turin, akianza na washona viatu na washona nguo. Useremala ulifuata mwaka 1856.

Soma tena sharti lile la kazi zinazohusu ufundi. Mtaani kwetu mwanagenzi anaweza kukaa mwaka mzima akitumwa chai, akifagia vumbi la mbao, akibeba magogo, na fundi wake akificha ujuzi kama mganga anavyoficha mizizi. Siku kijana anapoondoka, anajua sura ya kitanda, ila hajui kwa nini kitanda kinasimama. Shule nzuri ya ufundi inaanzia kwenye hiyo "kwa nini".

Chukua mlango wa paneli. Anayeutazama huona mapambo, na fundi huona namna ya kuishi na mti usiotulia. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, huku urefu wake ukibadilika kidogo mno. Masika inapoingia, ubao mpana unakunywa unyevu na kujaa. Kiangazi cha Dodoma kinaukausha mpaka upasuke. Ndiyo maana fremu hujengwa kwa vipande vyembamba, na paneli ikaingizwa katika mfereji bila tone la gundi, ipate nafasi ya kupumua. Fundi asiyejua hilo huipaka gundi pande zote kwa nia njema kabisa, na mlango unapasuka katikati.

Halafu kuna kiungo cha ulimi na tundu. Ulimi huchongwa kwa unene wa takriban theluthi moja ya ubao, tundu hutobolewa kwa patasi kwa kipimo hichohicho, na mistari yote huchorwa kwa geji kabla msumeno haujagusa kitu. Msumeno upite upande wa taka, mstari ubaki. Ulimi ukiingia kwa kusukumwa na mkono na kugongwa kidogo, kiungo kimekubali. Ukiingia wenyewe, umelegea, na gundi haitauokoa. Ukihitaji nyundo nzito, utaupasua mninga wa watu, na mninga haupatikani kwa bei ya mbao za misonobari za Sao Hill.

Hapa kwetu Tanzania, Kanisa limefundisha ufundi huu tangu zamani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa kusali, kulima na kushika zana. Wabenediktini walijenga karakana Peramiho na Ndanda. Wasalesiani, shirika la Don Bosco, wapo nchini tangu miaka ya 1980, na vituo vyao viko Dodoma, Iringa na Oysterbay, Dar es Salaam. Kule Kakuma, Turkana, nchini Kenya, wanawafundisha wakimbizi, watu walioacha nyumba zao na sasa wanajifunza kujenga. Na tangu agizo la Papa la mwaka 1955 Wakatoliki wanaiadhimisha Mei Mosi kwa jina la Yosefu Mfanyakazi, seremala wa Nazareti.

Pamoja na historia yote hiyo, bado mzazi akisema mwanawe yuko shule ya ufundi, anasema kwa sauti ya chini. Ufundi umefanywa kapu la waliofeli. Sheria ya mwaka 1994 ilituletea VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, vyeti vikapata ngazi na mitihani, ila aibu ile haijaondolewa na sheria. Inauma, kwa sababu wanaoibeba ni vijana walewale ambao dunia ilikwisha kuwaonea mara moja. Kijana aliyejifunza kupima, kukata na kukubali hukumu ya skwea hajashindwa lolote. Ana akili ya mikono, na nchi inayojenga kila uchao haiwezi kuishi bila hiyo.

Basi, msomaji, ukijenga, usianzie kwa fundi wa bei ya kutupa. Nenda katika karakana ya shule ya ufundi iliyo karibu nawe, uagize mlango wako huko. Ukague, uukatae ukiwa na kasoro. Ukiwa sawa, lipa bei kamili bila kuomba punguzo kwa kuwa waliouchonga ni wanafunzi.